Kodi kwa sisi tuliojiajiri Kanada

Jamani, leo nimefunga hesabu za mwaka za biashara yangu ya usafi wa maofisi hapa Edmonton, na nimefurahi kweli. Kila mteja akilipa, robo ya pesa naihamishia akaunti nyingine siku hiyohiyo, kabla sijanunua hata unga. Hiyo ni ya serikali. Mwajiriwa hukatwa kodi kwenye mshahara. Sisi hakuna wa kutukatia, na mchango wa pensheni ya CPP tunalipa sehemu zote mbili, yetu na ya mwajiri.

Ndugu zangu mlioanza juzijuzi, shikeni hizi tarehe. Fomu mnaruhusiwa kupeleka hadi Juni 15, lakini deni lenyewe linatakiwa Aprili 30. Ukisubiri Juni, riba inaanza kuhesabiwa Mei. Inaniuma sana kuona mtu anayesugua sakafu usiku kucha akilipa riba kwa sababu tu hakuna aliyemwambia.

Mauzo yakipita dola 30,000 ndani ya miezi 12, lazima ujisajili GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma. Risiti za sabuni na mafuta ya gari nazipiga picha palepale dukani, wino wake hufutika haraka. Mwenye swali aje inboksi.