Miezi ambayo goti huonekana limepona

Binti yangu ana umri wa miaka 16 na anacheza kiungo katika timu ya shule yake hapa Morogoro. Katika mechi ya maandalizi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini, alichanika ligamenti (utepe mgumu unaoshikanisha mfupa na mfupa) iliyo ndani ya goti la kulia, ile ambayo makocha na wachezaji huiita ACL. Ninaandika kwa ajili ya wazazi watakaofikwa na jambo hili, kwa maana habari za wachezaji maarufu walioumia ni nyingi, lakini za mtoto anayerudi nyumbani na magongo, na za mzazi atakayemuuguza karibu mwaka mzima, ni chache mno.

Hakuguswa na mtu yeyote. Alikuwa anageuka kuufuata mpira, unyayo ukabaki umekanyaga chini huku mwili ukizunguka, goti likapinda kwa ndani, naye akasikia mlio. Ligamenti hii mara nyingi huchanika hivyo hivyo, katika kugeuka ghafla au kutua vibaya baada ya kuruka. Saa chache baadaye goti lilikuwa limevimba, lakini picha ya eksirei ilionyesha mifupa mizima, na hapa ndipo wazazi wengi hutulia na kurudi nyumbani na dawa za maumivu. Eksirei huonyesha mifupa. Ligamenti haionekani humo. Daktari bingwa wa mifupa aliyelivuta na kulisukuma goti kwa mikono yake ndiye aliyeshuku, kisha kipimo cha MRI, ambacho huonyesha hata sehemu laini za mwili, kikathibitisha. Mtoto akisikia mlio katika goti na likavimba siku hiyo hiyo, mpelekeni kwa daktari wa mifupa hata kama eksirei ni safi.

Bibi yake alifika na chupa ya mafuta ya nyonyo, tayari kulichua goti kama alivyotuchua sisi wanawe tulipoteguka utotoni. Goti lililojaa damu kwa ndani halifai kuchuliwa, lakini si rahisi kumzuia mama yako asimguse mjukuu wake. Nilimweleza kwa heshima maneno ya daktari, nikamwomba amchue mtoto mabega na mgongo, ambavyo vilikuwa vinauma kwa sababu ya magongo. Alifanya hivyo kila jioni, na nina hakika mikono ile ilimsaidia binti yangu kupata usingizi kuliko vidonge.

Kuhusu upasuaji sina mengi. Ulikuwa wa matundu madogo; daktari alichukua kano, yaani kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, kutoka nyuma ya paja la binti yangu mwenyewe na kuipandikiza mahali pa ligamenti iliyochanika, baada ya kuhakikisha kwamba sehemu za mifupa zinazokua zimekaribia kufunga, jambo ambalo kwa kijana wa umri huu ni lazima liulizwe. Hakuwekewa hogo. Mazoezi tiba yalianza mapema sana, na lengo la kwanza lilikuwa kulinyoosha goti mpaka linyooke sawasawa na lile jingine, kwa sababu goti linaloachwa limejikunja kidogo katika wiki za mwanzo huwa gumu kunyooka baadaye.

Jambo ambalo hakuna daktari aliyeniandaa nalo lilikuwa huzuni yake. Mwaka 2022, Serengeti Girls, timu ya taifa ya Tanzania ya wasichana, walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 nchini India, alikuwa bado mdogo, naye aliamua siku zile zile kwamba njia yake ni hiyo. Sasa alijitoa katika kundi la simu la timu, akaikunja jezi yake chini kabisa ya sanduku, akawa analala mchana akiwa ameelekea ukutani. Ndugu na majirani walikuja kumfariji kwa kumwambia kwamba ashukuru hakuvunjika, kwamba atapona tu, kwamba sasa atapata muda wa kusoma. Walikuwa na nia njema, lakini niliona jinsi kila neno la aina hiyo lilivyomnyamazisha zaidi. Mtoto aliyepoteza kitu anachokipenda amefiwa kwa namna yake, na aliyefiwa huachwa alie.

Nilimsimulia habari za Alexia Putellas, mchezaji wa timu ya taifa ya Hispania, aliyechanika ligamenti hiyo hiyo Julai 2022, siku moja kabla ya mashindano ya Ulaya kuanza, kisha akarudi uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023 na kutwaa Kombe la Dunia mwaka huo huo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yule ana daktari wa timu yake, Baba. Mimi nina nani?"

Swali lile lilinielekeza la kufanya. Nilimwomba mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, anifundishe mazoezi yote pamoja na sababu ya kila moja, nikayaandika daftarini, na kila jioni nilipotoka kazini nilikaa naye mkekani nikimhesabia. Paja la mguu ulioumia lilikuwa limepungua hata kwa kutazama, kwa hiyo tulitumia utepe wa fundi cherehani kuyapima yote mawili na kuandika tofauti. Tofauti ilipoanza kupungua, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiutafuta utepe. Kuongea kulirudi hivyo, tukiwa tumeinamia daftari, bila mimi kumuuliza anajisikiaje.

Kipindi cha hatari kuliko vyote, kwa maoni yangu, hakikuwa cha magongo. Ni pale mtoto anapotembea vizuri, anakimbia bila maumivu, na kila anayemwona anasema amepona. Kano iliyopandikizwa haiwi ligamenti kwa siku moja. Hudhoofika kwanza, kisha hujijenga upya polepole kwa miezi mingi, na muda wote huo kidonda cha nje kimeshafunga. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, hadi kufikia mwezi wa 9, kila mwezi ambao mchezaji aliongeza kusubiri ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa takribani nusu. Vijana wanaorudi mapema ndio wanaoumia mara ya pili, na si ajabu wakaumia goti lile jingine.

Kocha wake, ambaye anampenda kwa dhati, alinipigia simu kabla hata ya nusu ya miezi hiyo, akiomba japo dakika 20 za mwisho katika mechi moja. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nilikataa, na kwa siku kadhaa hakunisemesha. Ninaamini kabisa kwamba neno "hapana" linapaswa kusemwa na mzazi, kwa sauti inayosikika na wote, ili mtoto asilazimike kuchagua kati ya goti lake na wenzake wanaomhitaji. Makubaliano yetu sasa yanajulikana: miezi 9 kamili, nguvu ya mguu ifikie angalau asilimia 90 ya ule mzima, na majaribio ya kuruka kwa mguu mmoja yasimamiwe na mtaalamu. Kwa sasa anaruhusiwa kupiga pasi na kukimbia mstari ulionyooka, basi.

Shangazi yake bado anasema mpira si mchezo wa wasichana. Ni kweli kwamba wasichana huchanika ligamenti hii mara kadhaa zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo huo huo, lakini sioni kwamba dawa yake ni kumfungia binti ndani. Ipo programu ya kupasha misuli moto iitwayo FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, isiyohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na uwanja, inayofundisha kutua, kugeuka na kuimarisha mapaja, na imethibitika kupunguza majeraha kwa timu zinazoifanya kila wiki bila kukosa. Nilimpelekea kocha maelezo yake. Ameanza kuitumia kwa timu nzima kabla ya kila mazoezi, na binti yangu, ambaye anayajua mengi ya mazoezi yale kutoka mkekani, ndiye anayewaelekeza wenzake namna ya kutua.