Uzoefu wangu: jinsi mtaa wetu wa katikati ya Iringa ulivyopata jioni yake tena

Nilihamia katikati ya mji nikitokea Mtwivila, nikiwa na watoto wawili na cherehani. Watu walinishangaa. Kwetu Iringa, mtu akijaliwa kidogo anatafuta nyumba Gangilonga au Wilolesi, au ananunua kiwanja pembezoni aanze kupandisha kuta pole pole. Kwenda kupanga ghorofani juu ya maduka, hatua chache kutoka Soko Kuu, kwao ilikuwa kurudi nyuma. Hesabu yangu ilikuwa nyingine. Mimi ni fundi nguo, wateja wangu wako mjini, na nauli ya kila siku ilikuwa inakula faida yote ya magauni ninayoshona.

Nyumba yenyewe ni ya zile za zamani za ghorofa moja: duka chini, makazi juu, roshani inayotazama barabara, na nyuma yake uchochoro mpana. Walizijenga wafanyabiashara wa Kihindi, familia ikalala juu na biashara ikakaa chini. Asubuhi unashuka ngazi, umefika kazini. Wazee wa hapa baadhi ya majengo haya bado wanayaita nyumba za Msajili. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, hadi mwaka 1990 ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Naeleza haya kwa sababu ukikaa kwenye nyumba hizi unaelewa haraka kwamba zilijengwa kwa watu wanaoishi na kufanya kazi mahali pamoja. Ukizifanya maduka matupu, nusu ya nyumba inakufa.

Na ndivyo nilivyoikuta. Mchana hapakuwa na shida. Watu wa vijijini wanashuka na mizigo, akina mama wanauza vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia, bajaji zinapishana. Ikifika saa 12 jioni, mageti ya chuma yanateremshwa moja baada ya jingine, na baada ya nusu saa unaweza kusikia mbwa wa mtaa wa pili. Mabasi ya mikoani yalikuwa yameshahamia stendi ya Igumbilo, nje ya katikati ya mji, kwa hiyo abiria wa usiku na mama lishe waliowahudumia walikwenda nayo. Mwaka 2021 machinga nao waliondolewa pembezoni mwa barabara, kama ilivyofanyika nchi nzima, wakapangiwa maeneo mengine. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Siku hizi mama mwenye mtoto mgongoni anapita bila kuruka bidhaa. Lakini wale ndio waliokuwa macho ya barabara usiku. Baadaye taa zikawekwa, njia za waenda kwa miguu zikasakafiwa, baadhi ya majengo yakapakwa rangi mpya. Mtaa ukawa unapendeza kuliko nilivyowahi kuuona tangu utoto, na hauna mtu.

Juu ya maduka tulikuwa kaya 11. Miezi minane nilikuwa simjui jina hata mmoja.

Kilichotukutanisha ni fagio. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, maduka hayafunguliwi hadi saa 4 asubuhi. Siku moja tuliamua kuuzibua ule uchochoro wa nyuma, ambao ulikuwa umegeuka jalala. Mzee wa duka la vitambaa alileta toroli. Binti wa duka la dawa akaleta glovu. Bibi mmoja wa ghorofa ya jirani, ambaye miguu inamsumbua na hashuki ngazi, alituletea birika la chai ya tangawizi kwa mkono wa mjukuu wake. Saa 4 ilifika, saa 5 ikafika, na hakuna aliyekimbilia kufungua duka. Tulikuwa tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tunazungumza. Nikamwambia mzee, "Baba, kwa nini hili tusilifanye na jioni?" Akanijibu, "Wewe panga, mwanangu. Mimi benchi langu lipo."

Mara ya kwanza nilipanga vibaya sana, na nataka nieleze vizuri kwa sababu naona mitaa mingine ikipita njia hiyo hiyo. Nilidhani shughuli ni ukubwa. Tulichangishana shilingi 310,000. Tukakodi spika mbili kubwa, mshereheshaji, turubai na viti 100. Watu walijaa kweli, tena waliotoka Kihesa na Ipogolo kwa bodaboda. Mshereheshaji akaongea juu ya adhana ya Magharibi bila kunyamaza, na msikiti uko karibu. Kaya zenye wagonjwa na watoto wachanga zikafunga madirisha. Ilipofika saa 4 usiku wageni wakaondoka, na asubuhi tulikuwa watatu tu tunaookota chupa kwenye uchochoro tuliousafisha wenyewe siku moja kabla.

Mwenyekiti wa mtaa alituita. Nilitegemea karipio. Alisema kwa upole, "Mama, mmefanya shughuli nzuri, ila ni ya watu wengine."

Sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nilianza kupita mlango kwa mlango, kaya zote 11 na maduka 14. Sikuomba mchango. Niliuliza maswali mawili tu: saa ngapi inakufaa, na kitu gani hutaki kukisikia au kukiona hapa chini. Ilinichukua wiki mbili, maana huwezi kuingia kwa mtu Iringa ukauliza maswali mawili ukatoka. Unasema "Kamwene", salamu ya Kihehe, unakaribishwa, unakaa, unakunywa chai, unaulizwa habari za nyumbani kwenu hadi za mashambani. Lakini majibu niliyopata hakuna kikao ambacho kingenipa. Mwenye duka la simu alisema hawezi kuacha geti wazi kwa sababu mlinzi wake anafika saa 1. Mama wa ghorofa ya mwisho anafanya kazi zamu za usiku hospitali, hulala mpaka saa 9 alasiri. Bibi wa birika la chai alisema yeye hataki mziki wowote, ila anapenda kusikia watoto.

Tukabadilisha kila kitu. Tukawa tunakutana mara moja kwa mwezi, kuanzia saa 9:30 alasiri na kumaliza saa 1:30 usiku. Spika hakuna. Ikikaribia Magharibi, mtu mmoja anapita kutukumbusha tutulie, walio Waislamu wanakwenda kuswali, wengine tunaendelea kwa sauti ya chini. Na badala ya kukodi viti, kila mlango unatoa benchi au kiti chake na taa moja. Sharti hili la viti ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Ukishusha kiti chako mwenyewe kwa ngazi, huwezi kukaa pembeni kama mtazamaji, na ukiondoka unakibeba, unaokota na uchafu uliokizunguka.

Kuhusu vibali, kwa anayetaka kujaribu kwake: tulianza kwa mwenyekiti wa mtaa, tukapita kwa mtendaji, barua ikaenda kata na manispaa, na nyingine polisi. Barua iwe fupi, ionyeshe saa ya kuanza, saa ya kumaliza, namba ya simu ya anayehusika, na nani atafanya usafi. Mimi niliambatanisha na ramani niliyochora kwa mkono. Kufunga barabara kulihitaji mlolongo mrefu zaidi, kwani barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na askari wa usalama barabarani nao wanahusika. Tukaamua kubaki uchochoroni, ambako gari halipiti. Peleka barua mwenyewe kwa mkono na uirudie kila baada ya siku chache.

Ugomvi mkubwa uliokuwepo ulikuwa wa ulanzi. Wasiotoka huku nawaeleza: ni pombe ya mianzi. Mmea unakatwa kwenye ncha wakati wa mvua, utomvu unadondoka ndani ya chombo, asubuhi ni mtamu kama juisi na kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa mkali. Kwa Wahehe, wenyeji wa huku, ulanzi hauko mbali na ukarimu wenyewe. Kuna baba mmoja, mtu mwema sana, alisema shughuli ya Wanyalukolo, yaani sisi Wahehe, bila ulanzi ni kikao cha ofisi. Nilimwelewa. Hata mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo mgeni alipewa kikombe kabla ya kuulizwa shida yake. Lakini uchochoro wetu unapakana na msikiti, nusu ya watu wetu hawanywi, na watoto ndio wengi. Tulibishana vikao viwili. Mwishoni tuliamua togwa, chai na maji, basi. Yule baba hakuja kwenye shughuli ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu alikuja na ndoo ya togwa ya mke wake, akaiweka mezani bila kusema neno, na hatukumwuliza kitu.

Baridi nayo ilitufundisha. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni upepo wa jioni unaingia mpaka kwenye mifupa. Mwezi ule walikuja watu tisa. Julai tulishusha majiko ya mkaa manne, kila moja na mahindi yake ya kuchoma au viazi, mabenchi yakapangwa kuyazunguka. Watu hawakutawanyika tena wawili wawili; walilazimika kukaa duara.

Kinachofanyika siku hiyo si kikubwa. Wazee wanacheza bao na drafti kwa vizibo vya soda. Mimi nashusha cherehani, naweka vifungo na kushona sare za shule zilizochanika, bure. Binti wa duka la dawa anapima shinikizo la damu. Mara moja kikundi cha kina baba kilicheza kiduo, ngoma ya Kihehe, kwa miguu na sauti tu, na bibi akapiga vigelegele toka juu. Kuna mzee aliyefanya kazi sokoni miaka mingi, watoto wanamzunguka kama nzige. Aliwaambia kuwa jina Iringa linatokana na lilinga, yaani ngome. Akawauliza ule mnara ulio mbele ya polisi ni wa nini. Wanaupita kila siku wakienda shule na hakuna aliyejua kwamba ni wa kumbukumbu ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Jumatatu yake mwanangu mkubwa alinivuta twende makumbusho ya Boma akaone fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nikamwambia fuvu liko kwenye makumbusho ya kijiji cha Kalenga, lilirudishwa mwaka 1954. Basi tukaenda Kalenga.

Bibi hajashuka hata mara moja. Lakini amefunga kamba kwenye kikapu chake cha milulu, anakiteremsha kutoka roshani, watoto wanakitia hindi la kuchoma, anakipandisha. Wanagombania zamu ya kukijaza.

Kuna jambo moja linaniuma na siwezi kulificha. Mtaa ulipochangamka, kodi zilianza kupanda. Duka lililokaa tupu mwaka mzima lilipata mpangaji, kisha la pili, na wenye nyumba wakaona. Kaya moja, majirani zetu wa tangu siku ya mafagio, waliongezewa kodi wakashindwa, wakahamia Kitwiru. Walibeba na benchi lao. Mimi niliponea kwa sababu nilikuwa nimeandikiana na mwenye nyumba mkataba wa miaka miwili, kodi ikiwa haibadiliki, kabla hatujaanza. Nilipaswa kuwaambia na wenzangu wafanye hivyo mapema, na sikuwaambia. Sasa hilo ndilo la kwanza kumweleza kila mpangaji mpya: kabla ya kuuliza choo kiko wapi, dai mkataba wa maandishi, usome kipengele cha nyongeza ya kodi. Ile familia bado tunaialika, na mara nyingi wanakuja.

Wiki iliyopita, Jumanne, si siku ya shughuli wala nini, nilishuka saa 2 usiku kumwaga taka. Mwenye duka la simu alikuwa hajafunga. Chini ya taa yake wazee wawili walikuwa wanacheza drafti, na mlinzi amesimama nyuma yao anamwelekeza mmoja pa kusogeza kete. Mama wa zamu za usiku alikuwa anapita kwenda kazini, akasimama kidogo kutazama. Nilipandisha ndoo juu, nikachukua sweta, nikashuka tena.