Mahekalu ya Kathmandu na macheo ya Nagarkot

Kama una likizo fupi na unapenda mambo ya kale, nenda Nepal, maana bonde la Kathmandu limejaa mahekalu hadi unachanganyikiwa. Tulianza na Pashupatinath, hekalu la Shiva kando ya mto Bagmati, asiye Mhindu haruhusiwi kuingia hekalu kuu so tukabaki ng'ambo ya mto tukiona moshi wa maiti zinazochomwa pale kwenye ngazi, halafu kuna watalii wanawapiga picha wafiwa, jamani si vizuri kabisa.

Boudhanath ndo iliniteka. Kuba kubwa jeupe la ibada ya Wabuddha, juu yake macho ya Buddha, na wazee wanalizunguka wakiliacha mkono wao wa kulia, vidole vinasukuma magurudumu ya sala, midomo inacheza tu, hawana habari na mtu.

Mji wa Bhaktapur tulipita haraka, ila Nyatapola usiikose, hekalu la ghorofa tano, limejengwa 1702 na tetemeko la 2015 halikuliangusha.

Sasa Nagarkot, kijiji cha mlimani cha kutazama macheo, yaani ulale hukohuko, ni juu ya mita 2,000 na baridi ya alfajiri haina utani. Kwanza giza, kisha mstari wa rangi ya chungwa, halafu theluji ya Himalaya inashika mwanga kilele kimoja baada ya kingine. Watakuonyesha Everest pia, mi niliona kidoti tu nikaitikia kwa heshima 😂. Nenda Oktoba au Novemba, mvua zimeisha, anga safi, na beba koti la maana.