Siku moja maishani mwangu: kuwaingiza watu korongoni Hell's Gate, na kuwatoa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimechuchumaa nje ya nyumba, Kamere karibu na Ziwa Naivasha, nikibonyeza tairi kwa kidole gumba moja baada ya nyingine. Barabarani mabasi ya mashamba ya maua yanaokota wafanyakazi. Shemeji yangu hupanda mojawapo. Hushinda amesimama akipanga waridi, na kila tukikutana huniambia kazi yangu ni matembezi. Simlaumu. Picha anazoziona ni za watu wanaocheka wameegemea majabali, nami pembeni nimebeba mikoba yao.

Kazi yenyewe ni hii: nakodisha baiskeli karibu na lango la Elsa, na mteja akitaka naingia naye mbugani, tunaendesha hadi korongo la Ol Njorowa, kisha tunashuka ndani kwa miguu. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambapo unaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama bila gari. Watu wakisikia hivyo hudhani hakuna hatari.

Saa kumi na mbili asubuhi lango limefunguliwa. Saa moja nimeshaziba pancha ya kwanza, maana miiba ya migunga haina Jumamosi. Kikundi cha asubuhi, wanafunzi wa chuo kutoka Nakuru, kilikwenda na kurudi salama na hakina hadithi.

Kikundi cha pili kilitakiwa kifike saa mbili. Kilifika saa tano na nusu.

Ofisi moja ya Nairobi ilikuwa imewaleta wafanyakazi wake wajenge umoja. Walishuka kwenye basi na spika kubwa, sufuria za pilau na mkurugenzi wao, mzee mwenye kofia ya gofu. Nilipomweleza kwamba mwezi huu wa Novemba ni vyema kuanza na korongo asubuhi, alinishika bega. "Kijana, sisi hatuna haraka." Kisha wakala.

Tuliondoka saa saba kasoro. Mnara wa Fischer hauko mbali na lango, kwa hiyo ndipo kila kikundi husimama kwa mara ya kwanza. Ni nguzo ya mwamba iliyobaki baada ya volkano kupoa. Wamaasai husimulia kwamba ni msichana aliyekuwa akienda kuolewa. Alikatazwa kutazama nyuma, akatazama, akageuka jiwe. Jina la Fischer ni la Mjerumani Gustav Fischer, aliyefika huku mwaka 1883 na kuzuiwa na Wamaasai asiendelee mbele. Pimbi wameota jua miguuni pa mnara, na watu huwapiga picha nyingi kuliko wanavyoupiga mwamba.

Mbele kidogo nyati dume alikuwa peke yake kando ya njia, ndani ya vichaka vya leleshwa. Kundi la nyati halinitishi sana. Dume aliyefukuzwa kundini ndiye wa kuogopwa. Niliwaambia wote washuke, wazime spika, tuzunguke mbali. Mkurugenzi alitaka kupiga kengele ya baiskeli "aone atafanya nini". Nilimwomba kengele yangu aiache. Twiga na pundamilia waliobaki hawakutupa shida, ila dada wa uhasibu alipata pancha mara mbili, na mara ya pili nikampa baiskeli yangu.

Tulifika kituo cha askari juu ya korongo kama saa nane na nusu. Kutoka pale unaona mvuke mweupe wa mitambo ya umeme ya Olkaria ukipanda nyuma ya vilima. Watu huniuliza kwa nini serikali iliweka mabomba ndani ya mbuga. Kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi pale kilianza mwaka 1981, mbuga ikatangazwa mwaka 1984. Mabomba ndiyo mwenyeji.

Nilitazama mvuke, kisha nikatazama nyuma ya mvuke. Juu ya vilima kulikuwa na wingu lililokuwa bado halijaamua. Askari akasema tuingie kifupi, tusivuke sehemu ya kwanza ya kushukia kwa kamba. Nikawatangazia wote, na wote wakaitikia ndiyo, mkurugenzi kwa sauti kuliko wengine.

Ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo lilimwaga maji yake kusini kupitia hapa, likachimba mwamba huu laini wa majivu ya volkano. Ndiyo maana kuta zimepinda, na mahali pengine ukinyoosha mikono unazigusa zote mbili. Maji ya moto huchuruzika ukutani, mengine yanaunguza. Chini kwa kawaida kuna kijito cha kulowesha viatu tu. Mgeni anakiona kijito hicho na kujiambia kwamba hapa hakuna mto.

Mto upo, ila haukai nyumbani. Mvua ikinyesha mbali, huko juu ambako wewe uliye chini huwezi kupaona, kila mfereji wa pembeni huleta chake, na vyote hukutana kwenye njia hiyo hiyo unayopitia. Juu yako jua linaweza kuwa linawaka. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa walifia humu. Septemba 2019 wakafa tena watu saba, mmoja wao mwongozaji. Kwa hiyo nikiwa ndani sitazami sana maumbo ya miamba ninayowasifia wageni. Natazama njia za kutokea kwa dharura, nikijua ya mwisho tumeiacha hatua ngapi nyuma, na natazama rangi ya kijito.

Tulipofika kwenye kamba nikasema, "Hapa ndipo mwisho wetu leo. Tupige picha turudi."

"Turudi wapi?" mkurugenzi akauliza. "Jua si hili?"

"Ni hili, mzee. Lakini wingu liko kule juu."

"Kule ni mbali."

"Maji pia hutoka mbali."

Akacheka, akawageukia watu wake. Akasema amelipia korongo zima, si robo ya korongo. Akasema waongozaji tuna mchezo wetu wa kufupisha safari ili tuchukue kikundi kingine. Akasema yeye amepanda Kilimanjaro. Nikamwambia hata Fischer alirudi. Hakucheka, na wafanyakazi wake waliokuwa wameanza kutabasamu wakaacha.

Hapo ndipo pagumu, na ndilo jambo ambalo shemeji yangu halioni. Watoto wa shule ukiwaambia rudi, wanalalamika na kurudi. Kikundi chenye bosi hakirudi kabla ya bosi. Niliziona nyuso, nusu yao walitaka kutoka, kijana mmoja alikuwa ameshageuka, akamwona mzee amesimama, akageuka tena. Dada wa uhasibu peke yake ndiye aliyesema, "Mzee, si tumsikize tu?" Akajibiwa kwamba hakuna aliyemlazimisha kuja.

Robo saa nzima ilipita hivyo. Mimi namwita mzee, yeye ananiita kijana, spika ikilia mgongoni kwa mtu, na ndani ya korongo sauti hurudi mara mbili. Nilisogea hadi kwenye kijito nikakitazama. Maji yalikuwa bado maangavu. Hilo nalo alilitumia: "Si unaona ni safi?" Nikamwambia yakishabadilika rangi hatutakuwa na muda wa kubishana.

Mwishowe niliacha kubishana. Nikapanda kwenye mwamba ilipofungwa kamba ya kushukia, nikaifungua, nikaikunja begani. Kamba ni yangu. Bila hiyo hakuna ambaye angeshuka sehemu inayofuata, aliyepanda Kilimanjaro wala asiyepanda. Nikasema anayetaka chai anifuate, nikaanza kutembea bila kugeuka. Nilisikia viatu nyuma yangu, vingi kwa mpigo. Vya mzee vilikuwa vya mwisho.

Kuanzia hapo sikuangalia saa tena. Juu kulidondoka manyunyu ya dakika chache. Wingu likaelekea upande wa Mlima Suswa. Hakuna maji yaliyopita korongoni, hata ya kulowesha kifundo cha mguu. Mkurugenzi alisimama ukingoni, akachungulia chini, akaniita nije nione. "Iko wapi mafuriko yako?"

Nilimwambia nafurahi haikuja. Alidhani namkejeli. Siku nyingi za kazi hii huisha hivyo: ukifanya vizuri hakuna kinachotokea, na mteja anaondoka akiamini umemwibia.

Kurudi langoni ndiko kunakouma. Mpando wake si mkali, lakini ni mrefu, vumbi limeingia kwenye cheni, na watu wamekula pilau. Wawili walishindwa kabisa. Gari la askari likawachukua pamoja na baiskeli moja, na ya pili niliisukuma kwa mkono wa kushoto huku naendesha niliyobaki nayo kwa wa kulia. Ngiri walitukimbia mikia juu. Sikuwa na nguvu ya kumwonyesha mtu yeyote.

Langoni mzee alidai arudishiwe nusu. Nikamwonyesha bei tuliyokubaliana, saa waliyotakiwa kufika na saa waliyofika. Alilipa yote, bila shilingi moja ya chai juu yake.

Usiku nilikuwa natumbukiza tyubu kwenye beseni nikitafuta viputo simu ikalia. Mwalimu wa shule moja ya Nakuru, wanakuja Jumatano, wangependa korongo baada ya chakula cha mchana, kama saa tisa. Nikamwambia korongo ni asubuhi, wakichelewa tutaendesha baiskeli tu.

"Mwenzako amekubali saa tisa," akasema.

"Muulize mwenzangu watoto watatokea wapi maji yakija."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama ninazo baiskeli zinazowatosha watoto wa darasa la sita.