Siku moja kwenye banda la mpira Mwanga, Kigoma: tangu saa 1 asubuhi mpaka saa 6 usiku tukiwapigia hesabu waliopanda daraja

Jumamosi, Septemba 13, 2025. Jumatano ijayo, tarehe 17, Ligi Kuu ya Tanzania Bara inaanza, na waliopanda ni Mtibwa Sugar na Mbeya City. Uingereza ligi imeshaanza, waliopanda huko ni Leeds, Burnley na Sunderland. Hapa bandani mazungumzo ni hayohayo siku nzima: nani atabaki, nani atarudi alikotoka. Naandika kwa saa, kazi na ubishi pamoja, maana huwezi kuvitenganisha.

Saa 1:00 asubuhi

Kufagia. Septemba Kigoma ni vumbi jekundu, mvua bado. Sakafu inanyunyiziwa maji kwanza, unasubiri dakika kama kumi, ndipo unafagia. Ukifagia kavu, vumbi lote linaishia kwenye kichujio cha projekta. Kichujio kikiziba, feni haivuti hewa, taa inapata joto, na mashine inajizima yenyewe katikati ya mechi. Watu watadhani umeme umekatika, kumbe ni ufagio wa asubuhi. Kichujio kinatolewa na kusafishwa kwa brashi laini kavu. Usikioshe na kukirudisha kibichi.

Mabenchi ni 16, kila moja mita 2.4. Wanakaa watu watano bila kugombana, sita wakibanana. Jumla 80 kwa raha.

Saa 2:00

Umeme. Projekta inakula wati 300 hivi, televisheni ya pembeni 100, ving'amuzi viwili, spika na feni tufanye 200. Hiyo ni wati 600. Kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 6 usiku ni saa kumi, kwa hiyo uniti 6. Tunaweka tokeni ya uniti 10 ili tusianze kubonyeza tarakimu 20 gizani wakati penalti inapigwa.

Jenereta lina lita tano za petroli. Ila jenereta si dawa peke yake. Umeme ukikatika hata sekunde mbili, king'amuzi kinaanza upya, na kinachukua dakika kadhaa kutafuta setilaiti. Ndiyo maana ving'amuzi vyote viwili pamoja na spika vimechomekwa kwenye betri ndogo ya kuhifadhi umeme. Projekta haichomekwi hapo, mzigo wake ni mkubwa. Picha ikipotea, sauti ya mtangazaji inaendelea mpaka jenereta liwake, na watu wanatulia.

Saa 3:00

Chai na chapati nje, na ubao unatolewa. Ubao huu ndio moyo wa banda. Kushoto ratiba ya siku, kulia hesabu.

Mzee mmoja wa Ujiji ndiye anayefungua: "Mbeya City tuliishusha sisi, itarudi tu ilikotoka." Anasema kweli kuhusu historia. Mwaka 2023 Mashujaa wa hapa Kigoma waliipiga Mbeya City kwenye mtoano, wao wakapanda na Mbeya City ikashuka. Lakini dereva wa bodaboda anayeegesha mlangoni anamkumbusha kwa adabu: "Shikamoo mzee wangu, ila hiyohiyo Mbeya City msimu wake wa kwanza, 2013/14, ilimaliza ya tatu, juu ya Simba." Hilo nalo ni kweli, nyuma ya Azam na Yanga. Mzee anaitikia marahaba, lakini msimamo wake haubadiliki.

Kwa hiyo chaki. Ligi ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, 15 nyumbani. Timu ya 15 na ya 16 zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinacheza zenyewe kwa zenyewe, nyumbani na ugenini, na inayoshindwa inakwenda kukutana na timu ya Championship, ligi ya chini yake, inayotaka kupanda. Huo ndio mtoano. Tabora United walilipita tanuri hilo mwaka 2024, walipobaki kwa kuitoa Biashara United ya Mara. Sasa, timu iliyopanda itafute pointi ngapi ili isiguse mtoano? Lengo tunaloandika ubaoni ni 36.

Zinapatikana hivi. Watoe Simba, Yanga, Azam na Singida Black Stars. Hizo ni mechi nane, na timu mpya ijipangie pointi mbili tu humo. Zaidi ya hapo ni zawadi. Zinabaki timu 11, mechi 22. Nyumbani: shinda 6, sare 4, poteza 1, pointi 22. Ugenini: shinda 2, sare 6, poteza 3, pointi 12. Jumla 34, ongeza zile mbili, 36.

Mwalimu wa sekondari, anayekuja kila Jumamosi na daftari lake, hakubali ushindi 6 wa nyumbani. "Geuza ushindi mbili ziwe sare uone." Tunageuza. Zinapungua pointi nne, unabaki na 32, na hapo unaanza kunusa mtoano. Ndipo kila mtu anaelewa tunachobishania. Uhai wa timu iliyopanda haupo kwenye mechi ya Simba inayojaza uwanja. Upo kwenye Jumatano ya jua kali dhidi ya timu inayolingana nayo, mashabiki mia tatu jukwaani, sifuri kwa sifuri dakika ya 70.

Mbeya City wana faida mbili ambazo mzee wa Ujiji hataki kuzihesabu. Ya kwanza, Tanzania Prisons nao wanatumia uwanja wa Sokoine wa palepale Mbeya, kwa hiyo mechi moja ya "ugenini" inachezwa uwanja wao wenyewe bila kupanda basi. Ya pili ni mwinuko. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, sisi hapa ziwani tuko kama 800. Hewa ni nyepesi, mpira mrefu unakwenda mbali kuliko kipa mgeni alivyozoea, na kiungo wa timu ya pwani anashika kiuno mapema. Timu ya nyumbani ikijua hivyo, inapiga mashuti ya mbali kipindi cha kwanza na inaongeza kasi baada ya dakika ya 60. Isipojua, mwinuko unabaki kuwa baridi tu.

Saa 5:00

Dishi. Nati za nguzo zinakazwa na kiwango cha mawimbi kinaangaliwa kwenye menyu ya king'amuzi. Namba mbili zinasomwa, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, dishi limesogea kidogo au kiungo cha waya kimeingia unyevu. Kata waya pale ulipooza, menya ncha upya, funga kwa utepe wa mpira. Huhitaji fundi kwa hilo.

Chini ya dishi mada imehamia kwenye usajili, na ni mada ninayotamani ipigiwe kelele kuliko jezi mpya. Majirani zetu Tabora United, waliopanda 2023 wakiitwa Kitayosce, leo wanaitwa TRA United. Agosti 2023 waliingia Chamazi, uwanja wa Azam jijini Dar, kucheza na Azam wakiwa wachezaji wanane, kwa sababu usajili wa wengine haukuwa umekamilika. Sheria ya tatu ya mpira haina huruma: wakibaki chini ya saba, mechi haiendelei. Walipokwishafungwa manne ndani ya robo saa hivi, wawili wakashindwa kuendelea, na mpira ukaisha. Mechi ya kwanza ya msimu!

Inatokeaje? Mchezaji kutoka nje anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa inayopita kwenye mfumo wa FIFA, halafu vibali vya kazi na ukaazi. Kimoja kikichelewa, anakaa jukwaani. Na kuna deni la zamani. Mchezaji akishinda kesi FIFA, klabu inapewa siku 45 kulipa. Isipolipa inafungiwa kusajili, hata kama kocha ni mpya na viongozi ni wapya. Kwa hiyo shabiki wa Mbeya City au Mtibwa anayetaka kujua hali ya timu yake asiulize "tumemsajili nani". Aulize "wangapi wana leseni ya kucheza mkononi leo".

Hao Tabora walijipanga. Novemba 2024 wakaifunga Yanga 3-1, palepale Chamazi.

Saa 8:30 mchana

Arsenal na Nottingham Forest. Banda nusu. Arsenal 3-0. Hakuna cha kubishania, watu wanakula mihogo.

Saa 10:30 jioni

Mapazia. Kigoma jua linachelewa kuzama, karibu saa 1 usiku bado lipo, tofauti na Dar. Mlango wetu unatazama magharibi, na mwanga wa ziwani ukiingia, picha ya projekta inakufa. Turubai jeusi linafungwa nje ya mlango, si ndani, ili watu wakiingia upepo usilifunue. Projekta iko mita 3 kutoka ukutani na picha ni mita 2 kwa upana. Ukiisogeza nyuma picha inakuwa kubwa lakini inafifia. Kwa mechi ya mchana, ndogo yenye mwanga ni bora.

Saa 11:00

Saa tuliyoisubiri. Mechi tano zinaanza pamoja, tunachagua mbili: Crystal Palace na Sunderland ukutani, Fulham na Leeds kwenye televisheni. Wenye mikeka ya kubeti wanataka Newcastle. Leo hapana, leo ni siku ya waliopanda.

Uingereza wana somo kali. Waliopanda 2023, Burnley, Luton na Sheffield United, wote watatu walishuka. Waliopanda 2024, Leicester, Ipswich na Southampton, wote watatu wakashuka tena. Msimu uliopita Tottenham walikuwa wa 17 wakiwa na pointi 38, na Leicester chini yao walikuwa na 25. Pengo la pointi 13. Mvuvi wa Kibirizi anauliza kwa nini Sunderland wafanye tofauti. Jibu liko katikati ya uwanja: kiungo wao Granit Xhaka. Timu nyingi zinazopanda zinatumia fedha mbele. Hawa wamemweka mtu anayejua lini mpira upozwe.

Mechi inakwisha 0-0 na nusu ya banda inaguna. Mwalimu anaandika pointi ya saba ya Sunderland katika mechi nne na kupigia mstari. Sare ya ugenini bila kuruhusu bao ndiyo ile "sare 6" ya ubaoni kwetu. Unaipata kwa kipa kutulia, mabeki wa kati kutotoka nje ya boksi hovyo, na mshambuliaji mmoja aliyekubali kukimbia bila kupewa mpira.

Kwenye televisheni Leeds nao walikuwa na sare hiyohiyo mkononi mpaka dakika ya 94. Gabriel Gudmundsson akaupiga kichwa ukaingia langoni mwao wenyewe. Fulham 1-0. Kimya. Wiki mbili nyuma Burnley nao walipoteza Old Trafford, kwa Manchester United, kwa penalti ya dakika za nyongeza, 3-2.

Hapa ndipo mzee wa Ujiji alipozungumza maneno yaliyonyamazisha watu. Alisema Mashujaa walipowatoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini, kwenye uwanja wetu wa Lake Tanganyika, Aprili 2024, hawakuwazidi mpira. Walifika dakika ya mwisho bila kuanguka, sare 1-1, kisha penalti. Kuna ufundi wake. Kocha ana wachezaji watano wa kubadili, lakini nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo, ukiacha mapumziko. Timu changa inazimaliza zote kufikia dakika ya 75 kwa sababu ya hofu. Moja ibaki mpaka dakika ya 85, aingie beki mrefu ambaye miguu yake haijachoka, maana kona na krosi za mwisho zinaokolewa na anayeweza kuruka.

Saa 1:30 usiku

West Ham na Tottenham, 0-3. Tunatumia muda huu kupanga mapato: viingilio vya shilingi 500 vinahesabiwa kwa mafungu ya 20, elfu kumi kila fungu, vinafungwa mpira.

Pembeni ubishi ni wa KenGold. Walipanda 2024 pamoja na Pamba Jiji. KenGold walianza vibaya, dirisha dogo la usajili la Januari wakaleta majina makubwa, Bernard Morrison akiwemo, na bado wakashuka. Pamba pia walianza vibaya. Wao walibadili kocha mapema, wakamleta Fred Felix Minziro, na wakabaki. Bodaboda anasema ni bahati. Sikubaliani naye. Januari nusu ya mechi zimeshachezwa. Jina kubwa likifika na kilo tatu za ziada linahitaji wiki sita kuwa tayari, na katika wiki hizo ndipo pointi zinapokwenda.

Saa 4:00 usiku

Brentford na Chelsea. Banda limejaa, mabenchi ni watu sita sita. Kanuni moja mlangoni: anayefuata mechi kwa intaneti kwenye simu azime sauti, lakini wala haimsaidii, setilaiti iko mbele ya simu kwa nusu dakika au zaidi. Chelsea wanaongoza 2-1, Brentford wanasawazisha dakika za nyongeza. Tena dakika zilezile.

Saa 6:00 usiku

Projekta inazimwa kwa kitufe, si kwa kuchomoa. Feni inaendelea kuzunguka dakika mbili kupoza taa. Ukichomoa ikiwa moto, unakata maisha ya taa, na taa mpya haipatikani Kigoma. Inaagizwa.

Kabla ya kufunga, mwalimu na mzee wa Ujiji wanarudi kwenye ubao. Mzee anakubali Mbeya City wabaki, ila kwa 33. Mwalimu anasema 35. Mtibwa wote wawili wanawapa 34. Namba zimeachwa bila kufutwa, na chini yake ratiba ya kesho: saa 10 jioni, Burnley na Liverpool.