Siku moja maishani mwangu: SSD nne na keshia asiyependa kungoja

Saa 1 asubuhi. Nimeiwahi foleni ya Ubungo, nipo ofisini. Seva ya mauzo inalalamikiwa na matawi yote: keshia akibonyeza "hifadhi", risiti inajivuta. Na ndani yake kuna SSD nne (diski za chipu, zisizozunguka), zile za dukani za kompyuta za kawaida, zimefungwa RAID 5, yaani zinafanya kazi kama diski moja na zinahimili moja ikifa. Aliyetuuzia aliapa zitapaa.

Saa 2. Nafungua iostat, programu ya kuonyesha kazi ya diski. Prosesa imelala, diski hazijazidiwa, lakini w_await, muda wa wastani wa ombi la kuandika kukamilika, iko juu: kila ombi linangoja. Wala sishangai. PostgreSQL, hifadhidata yetu, inaandika kurasa za kilobaiti 8, na kwenye RAID 5 ombi dogo moja huzaa kazi nne: soma data ya zamani, soma pariti ya zamani (hesabu ya kurejesha data diski ikifa), andika data mpya, andika pariti mpya. RAID 10, ambayo huweka nakala ileile kwenye diski mbili za jozi, huandika mara mbili tu, basi.

Saa 4. Chai na chapati. Bosi ananifuata mezani: "Fundi, si boksi limeandika megabaiti 550 kwa sekunde?" Ni kweli, bosi, na SATA yenyewe haivuki sana hapo. Ila hiyo ni kasi ya kunakili filamu ndefu, sisi tunauza sukari na mafuta, risiti moja moja.

Saa 5. Namwonyesha. Kwenye mashine ya akiba yenye SSD ya aina ileile nawasha fio, programu ya kupima kasi ya diski, uandishi wa nasibu (vipande vidogo huku na huko), na naiacha iende. Mwanzoni namba zinapendeza. Kashe ya SLC, sehemu ndogo yenye kasi ndani ya SSD, inapojaa, zinaporomoka mbele ya macho yake. Anayepima kwa dakika moja anaondoka na furaha ya bure. Kisha naongeza fsync, amri ya kungoja hadi data iwe salama kwenye diski, kila baada ya kuandika, hapo hali inakuwa mbaya zaidi. SSD za seva zina kapasita, akiba ndogo ya umeme: umeme ukikatika, data iliyo kwenye kashe bado inafika kwenye chipu, kwa hiyo diski inaweza kujibu "tayari" mapema bila kudanganya. Za dukani lazima zingoje.

Mchana ni barua pepe na printa ya masijala. Tuyaache.

Saa 12 jioni. Matawi yamefunga. Bakapu imekamilika na nimeijaribu kuirejesha. Naingiza SSD nne za seva, gigabaiti 960 kila moja, kutoka shehena tofauti, maana diski mbili za jozi moja huandikwa sawasawa na zinaweza kuchakaa pamoja. Kontrola, kadi inayosimamia diski, naiweka izipitishe diski moja kwa moja, maana kontrola nyingi zikishika RAID zenyewe huzuia TRIM, amri inayoiambia SSD nafasi zipi hazitumiki tena, isifike. Natengeneza RAID 10 kwa mdadm, programu ya RAID ya Linux, nawasha fstrim ya kutuma TRIM kila wiki. Nafasi inakuwa gigabaiti 1,920 badala ya 2,880 ambazo RAID 5 ingetoa. Bosi aliguna, akasaini.

Saa 4 usiku. Data imerudi, w_await imetulia. Nachomoa diski moja makusudi huku mauzo ya majaribio yakiendelea: hakuna risiti iliyokwama. Naweka nyingine, na inajijenga kwa kunakili kutoka kwa mwenzake mmoja tu, zile mbili nyingine hazishiriki kabisa kazi hiyo.

"Kaka, sasa bakapu ya usiku tuiache?" anauliza kijana wa zamu.

Namwambia aiwashe saa 6 kama kawaida.