Jogoo wa Harusini na Buyu la Goso

Kitabu kililetwa kutoka Miami, ndani ya begi la shangazi wa mtoto, kati ya sabuni, soksi na dawa za maumivu. Wakati huo nilikuwa nasomea udaktari Matanzas, Kuba, na nyumba ile ya jirani na bweni letu ilishanizoea: nilipakuliwa wali na maharagwe meusi bila kuulizwa kama nimekula. Kilikuwa kitabu cha picha, ile hadithi ya jogoo anayekwenda harusini kwa mjomba wake kasuku.

Bibi wa nyumba, ambaye sote tulimwita Abuela, alianza kumsomea mjukuu wake jioni moja umeme ulipokatika. Taa ya kuchaji mezani, sisi kwenye viti vya bembea, mbu kazini. Ukurasa wa kwanza tu akasita. Jogoo wa kitabuni alikuwa kavaa tai. "Huyu jogoo wa Miami," akasema, akakifunga, akasimulia mwenyewe.

Na alijua kusimulia! Jogoo kajipamba, anang'aa, mara akaona punje za mahindi kando ya dimbwi la tope. Abuela akapinda shingo, akalitazama tope kwa jicho moja, akajiuliza kwa sauti ya puani: nidonoe, nisidonoe? Nikidonoa nitachafua mdomo, na harusi ya mjomba nitaikosa. Akadonoa, angeachaje? Basi akayaamuru majani yamfute mdomo. Yakakataa. Akamwamuru mbuzi ayale majani. Akakataa. Fimbo impige mbuzi, moto uichome fimbo, maji yauzime moto: hakuna aliyekubali, na kila "No!" aliitoa mjukuu, mtoto wa miaka sita, akikanyaga sakafu kwa kisigino. Jua peke yake ndilo lililokubali kuyakausha maji, maana jogoo huliimbia kila alfajiri. Hapo maji yakasema basi, nauzima. Moto ukasema basi, nachoma. Ikarudi hivyo hadi majani yakamfuta mdomo, jogoo akaiwahi harusi.

Nikasema kwetu tunaye Goso. Nikatakiwa nimlete.

Kihispania changu kilikuwa cha wodini, kinafaa kwa homa na shinikizo la damu. Hata hivyo nikamkalisha mwalimu Goso chini ya mbuyu, buyu likamwangukia, wanafunzi wakatoka kumsaka aliyemuua. Upepo wa kusi ukajitetea: ningekuwa na nguvu, ningezuiwa na kiambaza? Kiambaza kikamtaja panya, panya akamtaja paka, paka kamba, kamba kisu. Nilipofika kwa kisu umeme ukarudi, mtaa mzima ukashangilia, Abuela akakimbilia sufuria yake. Mtoto hakubanduka. Moto, maji, ng'ombe. Kupe nilimwonyesha kwa kumfinya nyuma ya sikio. Mwisho akaja paa, ambaye ndiye hasa aliyeliangusha buyu. Akaulizwa, akanyamaza, wakamuua.

Mtoto alikasirika kweli. Jogoo anayeamrisha watu anakwenda kula keki, paa anauawa kwa kunyamaza tu? Naona alikuwa na haki. Hata mimi utotoni nilimhurumia paa kuliko Goso. Kesi ikapelekwa jikoni. Abuela, mwiko mkononi, akasikiliza mashtaka yote, kisha akahukumu kwamba mwenye makosa ni Goso: mtu mzima na akili zake anafungua vipi shule chini ya mti wenye mabuyu yaliyoiva?